Kwanjula Imekaribia, Shimo Halichimbiki

Shimo la majitaka la nyumba yetu lilijaa katikati ya masika, wakati tarehe ya kwanjula ya wifi yangu mdogo ilikuwa imeshatangazwa pande zote mbili. Anayeijua Kampala hahitaji maelezo zaidi. Tunakaa upande wa Luzira, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Ziwa Viktoria, na kichochoro cha kufikia kwetu ni chembamba mno kwa lori la kunyonya majitaka. Linasimama barabarani, mpira unavutwa kupita ua wa jirani wa kwanza na wa pili, na kwa wa tatu unaisha. Sehemu kubwa ya jiji hili haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Nyumba nyingi zina mashimo yao, na kilichomo hubebwa kwa lori mpaka mitambo ya kusafisha majitaka ya Lubigi au Bugolobi. Cha kwetu hakikubebeka. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi choo kinarudisha kilichomezwa jana.

Kwanjula ndiyo siku ambayo binti wa Kiganda humtambulisha mchumba wake kwa wazazi. Upande wa mwanamume unakuja kwa msafara, wanaume wamevaa kanzu na koti, wanawake gomesi, vikapu vimejaa, na wasemaji wa pande mbili wanajibizana muda mrefu kabla wageni hawajapokelewa rasmi. Halafu watu wanakula na kunywa mpaka jioni, na watu wote hao wana haja. Mama mkwe wangu alilisema hilo kwa upole, macho yake kwenye mlango wa choo: "Mwanangu, mkwe akishinda njaa kwako atasamehe. Akikosa choo, atawasimulia wajukuu."

Baba watoto akakata shauri: shimo jipya, upande wa chini wa ua, nyuma ya mfenesi. Akaleta wachimbaji wawili, baba na mwanawe, na sururu, makoleo, ndoo na kamba. Asubuhi ilienda vizuri. Ulitoka udongo mweusi, na ndani yake mifuko ya plastiki, vizibo vya soda, betri zilizooza. Ukafuata udongo mwekundu. Mchana yule kijana alikuwa ameshazama shimoni, ndoo zinapanda na kushuka, nami nilikuwa jikoni namenya matooke niliposikia kimya. Nikatoka. Mzee alikuwa ameketi kwenye kifusi, sururu kailaza chini, na mbele yake vigae vya vyungu, vinene, vyeusi kwa ndani, kimoja kina ukingo mzima wa mdomo wa chungu.

"Nyabo," akaniambia, "hapa pana mayembe. Mwanangu harudi humo, na mimi siingii."

Sikumcheka na sitamcheka. Mayembe ni pembe za kiganga, na kwa watu wengi hapa, chungu kinachotoka ardhini pasipotarajiwa ni kitu kilichozikwa na mtu kwa nia fulani. Woga huo ni wa zamani. Makumbusho ya Uganda yalipoanza mwaka 1908, ndani ya ngome ya Lugard pale Old Kampala, yalijazwa vitu vya ibada na vya uganga vilivyokusanywa kutoka kwa wananchi, na watu wakayaita Enyumba ya Mayembe. Yamehamia Kitante tangu 1954, na watoto wa shule wanaingia wakiimba. Lakini mtu aliyezama peke yake ndani ya shimo, chungu kikamgusa mguuni, ana haki ya kupanda juu.

Wachimbaji wakalipwa nusu, wakaenda. Nyumba ikagawanyika kabla ya chakula cha jioni. Mama mkwe alitaka pafukiwe mara moja, tena kwa heshima, na vigae virudi vilikotoka. Baba watoto alitaka watu wengine wenye moyo mgumu waletwe kesho alfajiri. Wifi alijifungia chumbani akalia, kwa sababu kwake kila siku iliyopita ilikuwa siku moja ya choo iliyopotea. Shemeji yangu mdogo, ambaye kazi yake ni kubeba mizigo kwenye mtaa wa biashara wa Kikuubo na ndoto zake ni kubwa kuliko Kikuubo yote, aliuliza kwa sauti ya chini kama aliyezika vyungu angeviacha vitupu.

Mimi nilikuwa nimeshika kile kipande cha mdomo. Nimezaliwa Bukoba, upande wa pili wa ziwa hilihili, na vitu hivi si vigeni kwangu. Pale Katuruka, katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba akiongozwa na wazee waliomsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, na chini ya mahali walipomwonyesha akakuta mabaki ya wafua chuma wa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Simulizi za wazee zilitangulia, sururu ikafuata. Tangu utotoni nimejua kwamba kigae ni ushahidi wa kwamba mtu aliishi mahali fulani, alipika, alikula, akavunja chungu, akakasirika, akafinyanga kingine.

Chumba cha uani tumempangisha kijana anayesoma akiolojia chuo kikuu. Alirudi jioni ile amechoka, mkoba begani. Nikampa kigae badala ya chai. Hakukaa. Alishuka shimoni kwa ngazi tunayochumia maembe, taa ya simu mdomoni, akakaa huko mpaka mama mkwe akaanza kumwita kwa hofu. Alipopanda alimgeukia mwenye nyumba: "Baba, naomba kesho msichimbe kwa sururu."

Baba watoto ni mtu wa vifaa vya ujenzi. Saruji na nondo ndizo riziki yetu. Akauliza swali la mtu wa ujenzi: kwa hiyo choo kijengwe wapi? Hapo ndipo mpangaji wetu aliposhinda kesi, kwa sababu hakumjibu kwa habari za kale. Alimwambia kwamba shimo la jaribio lipo ili kumsaidia mjenzi. Unafungua mraba mdogo, mita moja kwa moja, unashuka polepole, unajua kilichopo chini kabla ya kumwaga zege. Uingereza, tangu mwaka 1990, mwongozo wa mipango ya ujenzi unamtaka mwenye mradi achunguze ardhi namna hiyo mapema pale panaposhukiwa kuwa na malikale. Penye kitu, jengo linasogezwa au uchimbaji kamili unafanywa. Pasipo na kitu, kazi inaendelea na hakuna mtu anayesimamishwa katikati na chungu.

Akaongeza habari iliyomgusa hata mama mkwe. Huko huko Uingereza, tangu 2005, mtaalamu aitwaye Carenza Lewis amekuwa akiwaongoza wanafunzi na wanakijiji kuchimba miraba hiyo ya mita moja kwenye bustani za nyumba zao, katika vijiji ambavyo watu bado wanaishi. Bibi anakaribisha vijana nyuma ya jiko lake, wanachimba, anawapa chai. Mwaka 2016 Lewis alichapisha matokeo ya mashimo karibu 2000 kutoka vijiji 55 vya mashariki mwa nchi. Kwa kulinganisha tu wingi wa vigae vya kabla na vya baada ya tauni kuu ya karne ya 14, alionyesha kwamba matumizi ya vyungu yalishuka kwa takriban asilimia 45. Maelfu ya watu waliokufa bila kuandikwa popote wameonekana kwa sababu vigae vyao vilipungua.

"Kwenye bustani za watu?" mama mkwe akauliza.

"Kwenye bustani za watu, Jajja. Nyuma ya majiko."

"Na hawakupatwa na kitu?"

"Walipatwa na mvua tu."

Kwetu pia ilikuja. Usiku ule ilinyesha mvua ya ziwa, ile inayokuja kwa kishindo kutoka upande wa Port Bell, na katikati ya kishindo hicho tukasikia mtu anaita. Shemeji alikuwa ameshuka shimoni na mwenzake, wakiwa na tochi na sururu, wakachimba ubavu wa shimo kutafuta chungu chenye kitu ndani. Udongo uliolowa ukaporomoka. Mwenzake alikimbia; yeye alizikwa mpaka mapajani. Baba watoto na majirani walimtoa kwa kamba ya ng'ombe, na buti moja likabaki huko. Alitetemeka mpaka asubuhi, nikamnywesha chai ya tangawizi, na hakuna aliyemgombeza, maana mama yake alikuwa amemshika mkono muda wote, na mkono wa mama pale ulitosha.

Ila ubavu ule wa shimo ulikuwa umeharibika kabisa, tabaka zimechanganyika na kuwa tope. Mpangaji wetu alisimama ukingoni asubuhi akiutazama kwa uchungu ambao niliuelewa baada ya kunisimulia habari ya kilima chetu wenyewe.

Mwaka 1929, hapa hapa Luzira, wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye eneo la gereza walifukua kichwa cha binadamu kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa, pamoja na vipande vingine vya sanamu na vigae vingi vya vyungu. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika juu yake mwaka 1933 pamoja na wenzake wawili. Kichwa hicho sasa kiko British Museum, London. Ni kazi ya mkono wenye ujuzi. Hakuna anayekitazama akadhani kilifinyangwa na mtu anayejaribu. Lakini kilitolewa na watu waliokuwa na kazi nyingine, kama wachimbaji wetu, na mpangilio wake ndani ya udongo haukuandikwa kwa namna inayoweza kutujibu leo. Kilikuwa cha nani? Kilisimama nyumbani, kaburini, mahali pa ibada? Kwa karibu miaka 80 kilikaa bila hata umri unaoaminika. Mwaka 2008 wanaakiolojia Andrew Reid na Ceri Ashley walikifikia kwa njia ya pembeni: walirudi kwenye vigae vilivyotoka pamoja nacho, vile ambavyo hakuna aliyevipiga picha za kupendeza, wakavilinganisha na vigae vilivyochimbwa kwa utaratibu katika mwambao wa kaskazini wa ziwa. Wakakiweka karibu na mwisho wa milenia ya kwanza baada ya Kristo, wakati wakulima wa mwambao huu walikuwa wanaelekea kwenye zama za falme.

Vigae vya kawaida ndivyo vilivyokipa kichwa kile umri. Niliposikia hivyo nilimwambia baba watoto kwamba kijana apewe mraba wake, na kwamba mimi nitasimama na wifi mpaka choo kipatikane. Kuna vitu vya kilima hiki ambavyo havitapata nafasi ya pili ya kusema.

Mwalimu wa mpangaji wetu alishughulikia taarifa na ruhusa kwa watu wa makumbusho, kwa sababu malikale za Uganda zina sheria, zamani ile ya mwaka 1967 na sasa mpya iliyochukua nafasi yake 2023, na anayekuta kitu anatakiwa kusema. Kisha ukaanza mvurugo wa nyumba ambao sijawahi kuuona hata siku za msiba.

Mraba ulipimwa hatua chache juu ya shimo lililoporomoka. Vigingi vinne, uzi, mwiko wa mwashi kutoka dukani kwetu. Kila sentimita kumi ni ngazi mpya. Udongo wa ngazi hiyo wote unachekechwa, kilichobaki kinaingia mfuko wake wenye karatasi yake, na daftarini kinaandikwa na kuchorwa. Chekecheo langu la unga wa wimbi lilikuwa na matundu madogo mno, likaziba. Baba watoto akang'oa wavu wa kabati la zamani la jikoni, akaupigilia kwenye fremu ya mbao, na tangu saa hiyo nyama yangu ilikaa chini ya sufuria iliyofunikwa jiwe. Mabeseni ya kuogea yalijaa udongo. Miswaki mipya niliyowanunulia wageni wa kulala ilisugua vigae. Watoto waliotoka shule walikataa katuni ili wachekeche. Binti yetu alijifunza kutofautisha kigae na kokoto kwa kugonganisha viwili karibu na sikio, na akawa na ukali wa msimamizi. Chakula cha mchana kililiwa alasiri. Wifi alikuja kutazama akiwa amenuna, akaokota kipande kimoja chenye nakshi, na hakuondoka tena mpaka giza.

Ngazi za juu zilikuwa zetu sisi: plastiki, misumari, kipande cha sahani ya bati. Chini kidogo ilitoka senti kumi ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati. Mama mkwe aliichukua, akaisugua kwa kanga, akatuambia walivyokuwa wakizitunga kwenye uzi walipotumwa dukani Jinja, ambako baba yake alifanya kazi ya reli na yeye alijifunza Kiswahili. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaribia ule mraba kwa hiari.

Kisha vikaja vigae vyenye nakshi ya vifundo vidogo vidogo, mistari imejipanga kuzunguka shingo ya chungu. Chini yake ngazi moja haikuwa na chochote ila udongo mwekundu. Na chini ya utupu huo, vigae vya namna nyingine: vyembamba zaidi, ukingo wa mdomo umechongwa kwa pembe, na chini ya ukingo michirizi laini iliyochorwa kwa ncha ya kitu, sambamba, bila kutetereka. Pamoja navyo makaa, na donge zito lenye matundu ambalo mimi nililitaja kabla ya mpangaji: mavi ya chuma. Bukoba tumekua tunayakanyaga.

Hapo ndipo tulipopata hasara yetu kubwa, na ilikuja kwa mkono wa upendo. Jumapili sote tulikwenda kanisani, mama mkwe akabaki kwa ajili ya miguu yake. Aliona mifuko imepangwa barazani, michafu, na wakwe wanakuja. Akaifungua yote. Akaviosha vigae kimoja kimoja kwa sabuni, akavianika kwenye mkeka, akavipanga kama anavyopanga vyombo vyake: vikubwa kwa vikubwa, vinene kwa vinene, midomo kwa midomo. Mifuko nayo akaifua akaitundika kwenye kamba. Karatasi zilizoandikwa namba za ngazi zilikuwa zimelainika ndani ya beseni.

Tuliporudi, mkeka ulimeta juani na yeye ameketi kando anatusubiri tumshukuru. Mpangaji wetu alichuchumaa. Hakusema neno kwa muda, na mama mkwe si mtu wa kufichwa jambo.

"Nimeharibu nini?"

Nilimweleza mimi, kwa sababu ilinipasa. Nilimwambia afikirie sanduku lake la nguo, lile la bati: gomesi ya Pasaka iko juu, ya harusi yake iko chini kabisa, na mtu asiyemjua akilifungua taratibu anaweza kuhesabu maisha yake kutoka juu mpaka chini. Akilimwaga kitandani, nguo zote zipo, hakuna iliyopotea, ila hesabu imekwenda.

Akanyamaza. Kisha akauliza: "Kwa hiyo nimefanya kama wale waliokitoa kile kichwa?"

"Hapana, Jajja," kijana akajibu haraka. "Wao hawakuwa na daftari."

Daftari lilikuwepo. Kwa kila ngazi alikuwa ameandika vipande vyenye nakshi ni vingapi, na vingine amevichora. Wakaketi wawili mkekani, yeye anasoma, bibi anatafuta. Na hapo mama mkwe akaonyesha kitu ambacho hakuna kitabu cha mpangaji wetu kingeweza kumpa. Alichukua kigae chenye vifundo, akakipitishia kidole gumba, akaniambia nimletee ukindu wake wa kusukia mikeka na donge la unga wa chapati nililokuwa nimekanda. Akachana ukindu, akausokota na kuufunga vifundo kwa mwendo wa vidole ambao sikuweza kuufuata, kikapatikana kijiti chororo chenye urefu wa kidole. Akakibingirisha juu ya unga.

Nakshi ikatokea. Mstari kwa mstari, vifundo vilevile. Mfinyanzi wa kijijini kwa mama yake, alisema, alifanya hivyo chungu kikiwa kibichi, shingoni na mabegani, ili mkono usiteleze mtu akibeba maji. Alikuwa mtoto, alipewa kazi ya kusokota ukindu. Hakuwa ameikumbuka kazi hiyo tangu aolewe.

Mpangaji wetu alipiga picha ile chapati kutoka kila upande, kipimo kando yake. Alitueleza kwamba nakshi za kubingirisha zilienea katika nchi hizi za maziwa makuu takriban miaka elfu moja iliyopita, na kwamba zinapoonekana wanaakiolojia wanajua wamefika kwenye zama nyingine za wafinyanzi. Zile za michirizi na ukingo uliochongwa ni za kabla ya hapo. Huenda, alisema, zinahusiana na Urewe, ufinyanzi wa wakulima na wafua chuma wa mwanzo wa ukanda huu, uliopewa jina la mahali huko Siaya, Kenya, ulikotambuliwa. Hakutaka kusema zaidi mpaka makaa yapimwe umri na watu waliomzidi waone.

Mama mkwe alivitazama vile vya michirizi. Akaviweka mbali na vingine. "Hivi sivijui," akasema. "Hawa siwajui kabisa." Alisema kama mtu aliyekuta wageni wameketi sebuleni kwake tangu zamani bila yeye kuambiwa, na siku ile ndipo alipoacha kutaka pafukiwe.

Kwa kumfuata yeye na daftari, vigae vyenye nakshi karibu vyote vilirudi kwenye ngazi zake. Visivyo na nakshi, vile vya tumbo la chungu, vilivyokuwa vingi, havikuweza kurudi. Viliwekwa mfuko wa peke yake, na karatasi inasema wazi kwamba ngazi haijulikani na kwa nini. Najua ni vigae tu. Bado vinaniuma, kwa sababu ndani ya mfuko huo kuna wapishi wa zama mbili, au zaidi, waliochanganywa na hawatatenganishwa.

Choo je? Mpangaji alitufungulia mraba wa pili upande wa jiko, kwa nusu siku. Plastiki, udongo mwekundu, kisha changarawe ngumu ya marramu, na hakuna kigae hata kimoja. Baba watoto alishuka mwenyewe, akagonga ardhi kwa kisigino, akaridhika. Yule mzee mchimbaji alirudi na mwanawe baada ya kuonyeshwa mraba mtupu na kupewa neno la mama mkwe, ambalo alilithamini kuliko letu. Marramu iliwatesa, sururu mbili zikavunjika mipini, majirani wakaazima zao. Wanaume wa kichochoro chote walipokezana kuvuta ndoo, maana wifi ni mtoto wao pia. Zege la kifuniko lilimwagwa juani na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, na mlango ulipakwa rangi iliyobaki ya geti.

Wageni walikuja. Mahema mawili yalisimama uani, na mraba wa kwanza ulifunikwa mbao na turubai, watoto wetu wameuzungushia uzi. Msemaji wa upande wa mwanamume, katika majibizano, aliuliza kama familia hii imewachimbia wakwe mtego. Msemaji wetu akamjibu kwamba hapo chini wapo wenye nyumba wa kwanza, na kwamba nao wamekubali posa. Watu walishangilia. Baada ya chakula, bibi wawili wa upande ule waliomba kuona. Mama mkwe akawatandikia mkeka, akawaletea vigae na kijiti chake cha ukindu, na wazee watatu waliovaa gomesi za hariri wakainama pamoja wakibingirisha nakshi kwenye chapati zangu, wakibishana kuhusu idadi ya vifundo. Mmoja alijua mtindo mwingine, wa nyuzi zilizosokotwa tu. Mpangaji wetu alipiga magoti kati yao na daftari, tai shingoni, hakula keki.

Mraba ulifukiwa wiki iliyofuata. Chini kabisa tulitandika karatasi ya nailoni, na juu yake baba watoto akaweka sarafu mpya ya shilingi 500, ili atakayechimba baadaye ajue kwamba sisi tulifika hapo na lini. Vigae, makaa na mavi ya chuma vilikwenda Kitante kwa teksi, mapajani mwa mpangaji na mwanangu. Mama mkwe alitaka kijiti cha ukindu kiende navyo, na kikawa na karatasi yake: jina lake, jina la kijiji cha mama yake, na maelezo kwamba hakikutoka ardhini.

Jirani wa chini ameanza kupima msingi wa vyumba vya kupangisha. Mteremko ni uleule, udongo ni uleule. Mama mkwe ameshakwenda kwake mara mbili kumweleza kuhusu ngazi na mifuko, na jana alirudi nyumbani kuchukua chekecheo.